Kabla ya kuiamsha seva ya saraka iliyolala

Seva ya saraka, ile inayotunza orodha ya akaunti na kompyuta za taasisi, ikizimika siku mbili tatu kisha ikarudi, kwa kawaida hujisawazisha yenyewe na wenzake. Wewe tazama tu. Ninayoyaandika hapa ni ya Active Directory, saraka ya Microsoft, na seva iliyokaa gizani kwa miezi.

Anza na saa. Ikipishana na wenzake kwa zaidi ya dakika 5, Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho, itaikataa nawe utapoteza nusu siku ukichokonoa yasiyohusika. Angalia DNS, inayotafsiri majina ya seva kuwa anwani. Chukua bekapu ya seva zilizo hai. Hayo unayajua.

Unalolijua ukalipuuza, kama sisi, ni kuhesabu siku. Kitu kikifutwa kwenye saraka huacha alama ya kaburi, ili seva nyingine zipate habari ya msiba. Kaburi nalo lina umri: siku 60 kwenye mifumo ya zamani, 180 kwa mingi iliyoanzishwa tangu Windows Server 2003 SP1. Muda ukipita, kaburi husawazishwa na ardhi, na seva iliyokuwa imezimwa haitasikia kamwe kwamba fulani alifutwa.

Ya kwetu ilikuwa imelala siku 90 hivi. Tukajiambia tuna 180, wasiwasi wa nini? Kumbe mfumo ulianzia Windows 2000, ukapandishwa toleo baada ya toleo, na ile 60 ikabaki palepale. Tulipoiwasha, kumbukumbu za matukio zikatoa namba 2042: usawazishaji umezuiwa. Badala ya kusoma, mmoja wetu (haya, ni mimi) akalegeza ulinzi kwenye rejista ya Windows ili kazi iende. Ikaenda kweli. Siku chache baadaye akaunti za watu walioondoka zamani zikaanza kufufuka kwenye seva zote, moja moja, kila sifa yake ilipoguswa, zikiwa wazi na nenosiri lilelile. Tukazisaka wiki nzima kwa amri ya repadmin /removelingeringobjects, tukitanguliza /advisory_mode, ambayo huzitaja bila kuzifuta.

Kwa hiyo soma thamani ya tombstoneLifetime, yaani umri wa kaburi, kwa macho yako, usikisie. Siku zikiwa zimepita, seva hiyo usiiunganishe kabisa: futa taarifa zake kwenye saraka, isimike upya. Kumbuka pia SYSVOL, folda ya sera na skripti inayonakiliwa kwenye seva hizi zote, ina hesabu yake. DFSR, huduma inayoisawazisha, kwenye matoleo mapya hugoma baada ya siku 60, hata kama saraka yako ina 180.

Wala usirudishe picha ya zamani (snapshot) ya mashine pepe ukidhani ni njia ya mkato. Namba za mabadiliko hurudi nyuma, wenzake hudhani wameshazipokea, na mapya yanapotea kimyakimya. Windows Server 2012 ilileta kinga, ila jukwaa la mashine pepe nalo liwe linaiunga mkono.

Endesha repadmin /replsummary, muhtasari wa usawazishaji, kabla na baada, usome pande zote mbili, wa kutuma na wa kupokea. Usiwashe mbili kwa mpigo. Na Ijumaa jioni, tafadhali, iache ilale.