FAFSA kwa familia inayosomesha nyumbani: mzazi ndiye ofisi ya shule

Mtoto wa shule ya kawaida Marekani hukumbushwa kuhusu FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo kutoka serikali ya shirikisho, hadi achoke. Mshauri wa wanafunzi hutuma barua pepe, huwaita wazazi jioni, hukaa nao wakijaza fomu. Mtoto uliyemsomesha nyumbani hana mtu huyo. Kazi yote ya ofisi ile imo mikononi mwako, na inaniuma kuona familia zetu, za Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, zikiacha fedha za serikali kwa kudhani kuwa mtoto asiye na cheti cha shule hana haki nazo.

Anayo. Sheria ya shirikisho inamkubali mwanafunzi aliyemalizia sekondari nyumbani, mradi sheria ya jimbo inayatambua masomo hayo kama ya nyumbani au ya shule binafsi. Hahitaji mtihani wa GED, ule wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, ili apate msaada huo, isipokuwa pale jimbo lenyewe linapomlazimisha anayesomea nyumbani kuwa na cheti. Kwenye fomu, swali la namna mwanafunzi alivyomaliza sekondari lina jibu la homeschool. Chagua hilo. Usichague diploma (cheti cha shule ya sekondari) kwa kuona inapendeza zaidi, wala GED ambayo mtoto hakuifanya. Jibu la kweli ndilo litakalokubaliana na karatasi zako chuo kikiziomba.

Jambo moja huwachanganya wengi. Watoto wanaosomea nyumbani mara nyingi huanza kuchukua masomo ya chuo cha jamii wakiwa na miaka 16 au 17. Ni hatua nzuri sana, lakini madamu bado anahesabiwa kuwa yuko sekondari, msaada wa shirikisho haumhusu. Humfikia akishamaliza. Kwa hiyo tarehe ya kuhitimu, ambayo wewe ndiye unayeiweka, iandike wazi na uishike hiyohiyo kila mahali.

Jalada la shule yako

Chuo kina haki ya kuuliza ushahidi kwamba mtoto alimaliza. Kwa kawaida ushahidi huo ni transkripti iliyotiwa saini na mzazi, inayoorodhesha masomo ya sekondari aliyoyamaliza. Anza kuitengeneza mtoto akiwa darasa la tisa, si wiki ya mwisho. Iwe na jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, masomo ya kila mwaka, alama, uzito (krediti) wa kila somo, wastani wa jumla na tarehe ya kuhitimu. Pembeni weka maelezo mafupi ya kila somo: vitabu alivyosoma, maabara aliyofanya, insha alizoandika. Kama mmekuwa mkimfundisha Kiswahili kwa mpango, kusoma na kuandika kweli na si mazungumzo ya jikoni tu, kiandike kama lugha ya kigeni. Ni kazi ya haki na inastahili alama.

Karatasi za jimbo zina uzito kuliko wazazi wengi wanavyofikiri. California, wazazi wanaosomesha nyumbani kama shule binafsi huwasilisha hati ya kiapo kila Oktoba kati ya tarehe 1 na 15. Tunza nakala ya kila mwaka. Pennsylvania kuna kiapo na ripoti ya mtathmini. New York wanataka mpango wa masomo na ripoti za kila robo mwaka, na barua ya msimamizi wa elimu wa wilaya kwamba elimu ya mtoto inalingana na ya sekondari ni karatasi ya kuhifadhiwa vizuri. Texas haikuulizi chochote, kwa hiyo ushahidi wote ni ule ulioutengeneza mwenyewe. Familia zinazohama jimbo kufuata kazi ziwe makini hapa: miaka miwili ya New York na miwili ya Texas ni mafaili mawili, na yote yanahitajika.

Majina, akaunti, na nani anahesabiwa mzazi

Fomu ni bure na hujazwa kwenye studentaid.gov. Anayekutoza ada ili tu uiwasilishe, muache. Mwanafunzi hufungua akaunti yake, na kila mzazi anayehusika hufungua ya kwake. Hapa ndipo watu wetu hukwama. Jina na tarehe ya kuzaliwa lazima vifanane na vilivyo kwenye kumbukumbu za Social Security, idara ya hifadhi ya jamii. Aliyeandikwa majina matatu kwenye kadi hawezi kujaza mawili. Waliopita kambi za wakimbizi na kuandikiwa Januari 1 kama tarehe ya kuzaliwa wajaze Januari 1, au warekebishe kwanza Social Security kisha ndipo waje kwenye fomu.

Mwanafunzi mwenyewe awe raia, au mwenye grini kadi, au mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi. Mwenye viza ya mwanafunzi au DACA (kinga ya muda kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto bila hati) hapati msaada wa shirikisho. Hali ya uhamiaji ya mzazi haimzuii mtoto mwenye sifa, na mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti pia. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata, zungumza na wakili kabla ya kuandika chochote.

Kila anayetajwa lazima akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe kutoka IRS, mamlaka ya kodi. Mzazi akikataa, mtoto hukosa msaada wa shirikisho wote. Baba anayefanya kazi Doha au aliyebaki Mombasa, akiwa bado ni mume wa mama, anahesabiwa, na pato lake la nje hubadilishwa kuwa dola. Kwa wazazi walioachana, hujaza yule aliyechangia fedha nyingi zaidi za matunzo ya mtoto katika miezi 12 iliyopita, hata kama mtoto analala kwa mwingine.

Na sasa lile linalotugusa sana. Mtoto anayelelewa na mama mkubwa au mjomba, ambaye ndiye aliyemfundisha miaka yote nyumbani: kwa FAFSA, mlezi huyo si mzazi, labda awe amemuasili kisheria. Kama mahakama ya Marekani ilimpa ulezi wa kisheria, mtoto hujaza kama anayejitegemea, na taarifa za mlezi hazihitajiki. Kama hakuna karatasi ya mahakama na wazazi hawafikiki, kuna sehemu ya kueleza mazingira yasiyo ya kawaida. Ijaze, kisha uwasiliane na ofisi ya msaada ya chuo mapema. Tafadhali mama wakubwa, msijiandike kama wazazi kwa sababu ya mapenzi tu.

Kiwanja cha nyumbani

Fomu ya mwaka wa masomo 2026-27 hutumia kodi za mwaka 2024. Pato likishachukuliwa kutoka IRS, huja swali la mali. Nyumba mnayoishi haihesabiwi, wala akiba za kustaafu. Lakini nyumba mliyojenga Kitengela au Kibaha na kuipangisha, au kiwanja mlichonunua mkisubiri kurudi, ni uwekezaji, nao huandikwa kwa thamani ya leo ukitoa deni lililo juu yake. Akiba ya SACCO ni akiba. Kama shamba ni la ndugu wanne, andika fungu lako tu. Ardhi ya ukoo isiyo kwa jina lako si yako. Kuanzia 2026-27 shamba ambalo familia inaishi juu yake haliulizwi, ila shamba la Bungoma huku nyinyi mkiishi Dallas haliko kwenye msamaha huo.

Nawasihi msifiche. Chini ya fomu kuna saini, na adhabu ya kudanganya ni kubwa. Na mara nyingi hofu yenyewe haina msingi: familia yenye AGI (pato la mwaka baada ya makato fulani ya kodi) chini ya dola 60,000 na kodi rahisi, zisizo na pato la nyumba ya kupangisha wala biashara kubwa, au iliyopokea SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya serikali) karibuni, kwa kawaida haiulizwi mali kabisa. Madereva wenye malori yao wajiandae kuulizwa.

Fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzwi kwenye pato. Bibi aliye Kisumu, hata mkimlisha na kumtibu, haongezwi kwenye idadi ya familia, kwa kuwa haishi nanyi. Inauma, najua, lakini ndivyo ilivyo.

Mwisho wa hesabu mtoto hupewa namba iitwayo SAI, kipimo cha uwezo wa familia kulipia chuo, ambayo inaweza kushuka hadi -1,500. Ikiwa sifuri au chini, hupata ruzuku kamili ya Pell, ya serikali ya shirikisho kwa wenye pato dogo, ambayo mwaka 2025-26 ilikuwa dola 7,395. Hairudishwi. Familia za Kiislamu huniuliza kuhusu riba: kujaza FAFSA si kukubali mkopo. Chuo kitaleta orodha ya ruzuku, kazi za chuoni na mikopo, nawe unapokea ruzuku na kazi, mkopo unaukataa.

Tarehe na majimbo

Fomu hufunguliwa kufikia Oktoba 1, na tarehe ya mwisho ya shirikisho kwa 2026-27 ni Juni 30, 2027, lakini usiifuate hiyo. Vyuo na majimbo hufunga mapema zaidi. Cal Grant, ruzuku ya jimbo la California, kwa kawaida hufunga Machi 2, na kwa kuwa hakuna shule ya kutuma wastani wa alama, mtoto wa nyumbani huhitaji njia nyingine kama alama za mtihani. Georgia humpa HOPE, ufadhili wa jimbo hilo, aliyesomea nyumbani kwa alama za juu za SAT au ACT (mitihani ya kuombea chuo), au humlipa baadaye akimaliza mwaka wa kwanza wa chuo na wastani wa 3.0. Kwa hiyo afanye mtihani hata kama chuo hakiutaki. Kwenye SAT namba ya shule kwa wanaosomea nyumbani ni 970000. Vyuo binafsi vingi huongeza fomu ya CSS Profile, yenye maswali mengi zaidi, na ada yake husamehewa familia za hapa zenye pato la hadi dola 100,000.

Kodi za 2024 zinaweza zisifanane na maisha ya leo. Aliyepoteza kazi, aliyeugua, aliyepunguza saa za kazi ili asomeshe watoto, aiandikie ofisi ya msaada ya chuo akiomba hesabu ipitiwe upya. Barua iwe ukurasa mmoja, yenye tarehe na kiasi, ikiambatana na barua ya mwajiri, hati za malipo za karibuni au bili za hospitali. Andika kila chuo peke yake, kwa sababu uamuzi wa kimoja haukifungi kingine.