Jinsi ya Kuongoza Mjadala wa Filamu ya The Time Traveler's Wife

Ukiwakusanya watazamaji jijini Nairobi kuijadili filamu hii ya mwaka 2009, iliyotokana na riwaya ya Audrey Niffenegger ya mwaka 2003, kwanza ujue ni nani aliyekisoma kitabu, kwa maana malalamiko ya wasomaji na ya wasiosoma hayafanani. Wasomaji wataudhika kwamba mengi yamefupishwa. Wape dakika chache tu. Muda mwingi uutumie kwenye swali zito zaidi: je, Clare, aliyekutana akiwa bado mtoto na Henry, mwanamume anayesafiri katika wakati, ilhali Henry alikuwa mtu mzima aliyekwisha kumwoa katika wakati wake mwenyewe, alikuwa na hiari ya kumpenda? Anayesema “imenigusa”, naye hakosekani, aombwe kutaja onyesho mahususi. Kanuni za kusafiri katika wakati ziachwe mwisho, watu wakianza kuwazia matatu za kurudi nyumbani.