Kadi ya biashara ya duka la vifaa vya watoto: tengeneza itakayotunzwa

Mteja wa duka la vifaa vya watoto hanunui siku moja yakaisha. Anakuja na mimba ya miezi minane kuchukua beseni, shuka, soksi na kofia. Mtoto akishazaliwa, miezi mitatu tu nguo zinambana. Siku hiyo kadi yako inatakiwa iwe bado ipo kwenye pochi. Nyingi ninazoletewa kurekebisha hapa Kariakoo zina orodha ndefu ya bidhaa na picha ya mtoto iliyotolewa mtandaoni, lakini mama hana sababu ya kuzitunza.

Hatua ya 1: Anza na upande wa nyuma

Najua kila mtu huanza na nembo. Acha kwanza. Nyuma weka kitu ambacho mama atakihitaji tena, na kwa duka la nguo sijaona kinachoshinda jedwali la saizi. Nguo nyingi za vipimo vya Ulaya huandikwa namba ambayo ni urefu wa mtoto kwa sentimita:

Miezi 3 – 62
Miezi 6 – 68
Miezi 9 – 74
Miezi 12 – 80

Chini yake acha mstari mtupu wa kuandika kwa kalamu: "Saizi ya mtoto wangu". Muuzaji anaijaza palepale dukani. Baba akitumwa, au shangazi akitaka kupeleka zawadi, anapewa kadi. Kama stoo yako ina nguo za vipimo vingine, tumia namba zilizo kwenye lebo zako, si hizi.

Hatua ya 2: Mbele, maneno machache

Jina la duka, mstari mmoja wa unachouza ("Nguo na vifaa vya watoto, miaka 0 hadi 3"), simu, mahali. Kuandika "Kariakoo" peke yake ni kumpoteza mtu. Andika mtaa, jina la jengo, ghorofa na namba ya fremu, pamoja na alama inayojulikana hata na bodaboda. Ukiuza jumla, anza namba ya simu na +255, maana wapo wanaotoka Komoro na Kongo.

Hatua ya 3: WhatsApp na malipo

Tengeneza msimbo wa QR wa kiungo cha wa.me/255 kikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Usiwe chini ya sentimita 2 kila upande, na uachie nafasi nyeupe pembeni. Lipa Namba (namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu) iandike pamoja na jina linalotokea kwenye simu ya mlipaji. Jina lisipofanana na la duka, mteja wa mbali anadhani anaibiwa, na simlaumu.

Hatua ya 4: Rangi na picha

Pinki na bluu hafifu hazina ubaya kwa mandhari, ila herufi nyeupe juu yake hazisomeki. Tumia nyeusi au bluu iliyokolea, na herufi za namba ya simu zisipungue ukubwa wa pointi 9.

Halafu chupa ya maziwa. Wabunifu wanaipenda mno kama alama ya mtoto, mimi siiweki. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981, zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani, zinapinga kutangaza kwa umma maziwa mbadala ya maziwa ya mama, chupa na chuchu zake, na Tanzania nayo ina kanuni zake. Hata kama unaviuza, visionekane kwenye kadi. Soksi ndogo au kofia inatosha.

Hatua ya 5: Faili na uchapaji

Kadi ni milimita 85 kwa 55. Faili liwe 91 kwa 61, ili kila upande uwe na milimita 3 za kukatwa, na maandishi yakae angalau milimita 4 ndani ya mstari wa kukata. Rangi ziwe CMYK (mfumo wa rangi za wino wa kuchapia), picha nukta 300 kwa inchi, hifadhi kama PDF. Karatasi ya gramu 300 au 350 kwa mita ya mraba inafaa.

Laminesheni (utando wa plastiki juu ya karatasi) pigisha mbele tu, tena isiyong'aa. Nyuma ikipigwa, wino wa kalamu utafutika na ule mstari wa saizi hauna kazi. Mwambie mchapaji mapema, wengi hupiga pande zote kwa mazoea.

Kabla ya kuagiza boksi zima, omba nakala moja iliyokatwa. Iandikie kwa kalamu, isugue kwa kidole, kisha usome ile QR kwa simu ya bei rahisi kuliko zote utakayoipata hapo mtaani.