Kuhakiki Adhuhuri na Alasiri kwa Kivuli cha Kijiti, Unguja na Pemba

Sala zimewekewa nyakati maalumu (An-Nisaa, aya 103), na nyakati hizo zimefungwa na jua, si na saa ya ukutani. Kalenda iliyobandikwa msikitini ni hesabu ya mtu mwengine. Si vibaya kuitegemea, ila anayeitegemea awe anajua kuihakiki.

Tafuta pahala wazi, mbali na minazi, penye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji. Simamisha ufito mwembamba wenye urefu wa sentimita 50 juu ya sakafu, ncha yake ichongwe. Upime kwa timazi pande mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukiinama digrii moja tu kuelekea mashariki au magharibi, waweza kukosea kwa dakika kama nne.

Shika uzi wa sentimita 50 kwenye shina la ufito, uchore duara kwa chaki. Asubuhi, baina ya saa tatu na saa nne na robo, kwa kutegemea msimu, ncha ya kivuli itaingia ndani ya duara. Weka alama pale inapokata mstari. Mchana itatoka upande wa pili. Weka alama ya pili. Ukiziunga alama hizo umepata mashariki na magharibi. Kisha kutoka kwenye shina piga mstari unaoukata ule kwa pembe mraba, kwa kipimo cha mafundi ujenzi: pembetatu yenye pande za sentimita 30, 40 na 50. Huo ndio mstari wa zawali, yaani wa jua kupinduka. Usijaribu kuvizia kivuli kifupi kabisa kwa jicho, maana karibu na saa sita urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Mstari huu una faida ya pili. Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja, kwa hiyo kutoka mjini Unguja kibla kinakengeuka mashariki kwa digrii moja na kitu, na Chake Chake hakikengeuki kwa kiasi cha kujali.

Siku ya pili subiri kivuli kifike kwenye mstari. Huo ni wakati wa istiwai, jua likiwa juu kabisa, ambao sala ya sunna isiyo na sababu haifai isipokuwa Ijumaa, kwa madhehebu ya Shafi. Kikishaupita kuelekea mashariki, jua limepinduka na adhuhuri imeingia. Mjini Unguja hutokea kwa wastani saa sita na dakika 23, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya 45 nasi tuko kwenye 39. Mwanzoni mwa Novemba huwahi hadi saa sita na dakika 7, katikati ya Februari huchelewa hadi dakika 37. Pemba hutangulia kwa dakika kama mbili. Kalenda ya Nairobi msiitumie kabisa.

Kabla hakijaupita mstari, pima urefu wa kivuli hicho na uuandike. Mwishoni mwa Juni ni kama sentimita 28, kikilalia kusini. Mwishoni mwa Disemba kama 16, kikilalia kaskazini. Siku za mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba hakipo kabisa. Alasiri huingia kivuli kikiwa na urefu huo pamoja na urefu wa ufito: Juni 78, Oktoba 50. Kosa la kawaida ni kusahau kuongeza kivuli cha zawali, mtu akaadhini kabla ya wakati. Programu ya simu ikichelewesha alasiri kwa muda mrefu, itazame mpangilio wake, huenda imewekwa kwa Hanafi, wanaongoja urefu mara mbili.

Theluthi ya mwisho ya usiku, ya kuamkia sala, haihitaji kijiti. Usiku unaanza magharibi na kuisha alfajiri, wala si jua linapochomoza. Magharibi ikiwa saa kumi na mbili na nusu na alfajiri saa kumi na moja, urefu wa usiku ni muda wa saa kumi na nusu. Theluthi moja ni muda wa saa tatu na nusu, na ya mwisho inaanza saa saba na nusu. Ukihesabu hadi kuchomoza kwa jua, utaamka umechelewa karibu saa nzima.