Somo: Kuhamisha mafaili kati ya Windows 11 na Windows XP iliyo ndani ya VirtualBox

Wapo wengi wanaoitunza XP ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) kwa ajili ya programu moja tu, mara nyingi ya hesabu za duka, isiyokubali Windows mpya. Ukiuliza namna ya kupitisha mafaili, utaambiwa uwashe SMB1 (toleo la zamani la njia ya Windows ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao) kwenye Windows 11. Tafadhali usiiwashe. Ni kweli XP haijui SMB nyingine, lakini humo ndimo WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, ilimopita Mei 2017, na kazi hii inafanyika bila hiyo.

1. Washa XP (iwe na Service Pack 3). Kwenye dirisha la VirtualBox fungua Devices, bofya Insert Guest Additions CD image (Guest Additions ni programu za nyongeza za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya XP). Ndani ya XP ingia My Computer, fungua CD hiyo, sakinisha, kisha washa upya.

2. Kwenye Windows 11 tengeneza folda mpya, mfano D:\Pitisha. Usishirikishe Documents nzima, wala diski nzima! XP iliacha kupewa masasisho ya usalama Aprili 2014. Kirusi kikiingia humo, kitafika kila ulichokifungulia.

3. Rudi Devices, Shared Folders, kisha Shared Folders Settings. Ongeza folda yako, ipe jina lisilo na nafasi, tia tiki Auto-mount. Kama unaingiza tu bila kutoa, tia na Read-only.

4. Draivu mpya itatokea My Computer. Isipotokea, fungua cmd uandike:

net use x: \\vboxsvr\pitisha

Faili la hesabu linakili kwanza kwenye C: ya XP ndipo ulifungue. Usilifanyie kazi likiwa kwenye draivu hiyo mpya.

MASWALI

– Asante kwa somo mkuu. Mimi nina Windows 98, hiyo CD inagoma.

Guest Additions haziihudumii 98. Kuingiza: tengeneza ISO (faili linaloigiza CD) yenye mafaili yako kwa programu ya ImgBurn, kisha uichague kwenye Devices, Optical Drives. Kutoa: zima mashine kabisa, fungua faili lake la VDI (ndilo diski ya mashine hiyo) kwa programu ya 7-Zip, unakili unachotaka. Kama una snapshot (hali ya mashine uliyoihifadhi ili uweze kuirudia) njia hii haitakufaa, kwa sababu mabadiliko mapya yanaandikwa kwenye faili jingine.

– Flashi je, haitoshi?

Inatosha, ukiiunganisha kupitia Devices, USB. Iwe FAT32, maana XP haisomi exFAT bila kuongezewa sasisho lake, na faili moja lisifike GB 4. Ikiwa ndani ya XP, Windows 11 haitaiona.

– Mkuu, docx imefika salama ila Word 2003 inaonyesha herufi za ajabu.

Faili ni zima. Lifungue kwenye Windows 11, lihifadhi kama Word 97-2003 (.doc), ndipo ulipitishe tena.