Kuandaa damu ya utafiti wa vipokezi vya seli T: mwongozo kwa maabara za Malindi na Lamu

Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na kula vitu vitamu. Kinga ya mwili wenyewe huzishambulia seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ziko mstari wa mbele, na kila moja hutambua shabaha yake kwa kipokezi kilicho juu yake. Mashine ya kusoma jeni za vipokezi hivyo huenda iko Kilifi au Nairobi, lakini saa za kwanza za damu ziko mikononi mwetu, na hapo ndipo utafiti mwingi huharibikia.

Hatua ya 1: Mzazi kwanza

Utafiti uwe umepitishwa na kamati ya maadili. Kisha, kabla hujashika sindano, sema wazi: "Mama, damu hii ni ya utafiti, haitambadilishia mwanao matibabu. Ukikataa, dawa yake ataendelea kupata kama kawaida." Muulize na mtoto.

Usiagize aletwe bila kula. Kazi hii haihitaji tumbo tupu, na mtoto anayedungwa insulini akikaa na njaa, sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Hatua ya 2: Tyubu

Mimi huchagua yenye kifuniko cha zambarau, ya EDTA, kemikali inayozuia damu isigande. Heparini, ile ya kijani, huzuia PCR, yaani kunakili DNA kwa wingi, baadaye. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Andika nambari ya siri na saa ya kuchota, jina usiandike.

Hatua ya 3: Safari

Barafu hapana. Damu hii ikae kwenye nyuzi 18 hadi 25, na wakati wa kaskazi hilo lataka boksi lenye kuzuia joto na kipimajoto ndani. Anayetoka Lamu apige hesabu ya boti hadi Mokowe, kisha barabara. Lenga kuitenganisha ndani ya saa 8. Ikichelewa sana, granulosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, huchanganyika na seli unazozitaka.

Hatua ya 4: Kutenganisha

Hapa usiharakishe. Changanya damu na PBS, maji ya chumvi ya maabara, nusu kwa nusu. Weka Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, yenye msongamano wa 1.077 g/ml chini, inamisha tyubu, umimine damu ikiteleza ubavuni polepole mpaka ikae juu bila kuchanganyika. Vyote viwe kwenye joto la chumba: Ficoll iliyotoka friji ni nzito mno, na iliyopata joto kali huachia limfosaiti, kundi lenye seli T, zizame.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, breki zikiwa zimezimwa. Breki ikishika, matabaka yote huvurugika. Ukitoa tyubu utaona plazma ya manjano juu, chini yake pete nyembamba nyeupe kama tui jepesi, ndimo zilimo seli T, kisha Ficoll, na nyekundu chini kabisa. Ivute pete peke yake kwa pipeti, uioshe kwa PBS mara mbili.

Hatua ya 5: Kuhesabu na kugandisha

Tone la rangi ya tripani bluu: seli zilizokufa hugeuka buluu, zilizo hai hubaki bila rangi. Gandisha kwenye seramu yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayokinga seli zisipasuliwe na barafu, joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha nitrojeni ya kimiminika. Jenereta iwe tayari, stima haina ahadi.

Hatua ya 6: Kusoma majibu

Kipokezi kina minyororo miwili, alfa na beta. Omba usomaji wa seli mojamoja ili ujue alfa ipi imeungana na beta ipi. Beta pekee haitoshi kusema kinatambua nini. Tazama sehemu ya CDR3, ndiyo inayogusana zaidi na kipande cha protini, kwa mfano kipande cha insulini cha mnyororo B, amino asidi 9 hadi 23.

Usitangaze kwamba umempata mhalifu kwa kuona CDR3 iliyojirudia. Nyingine zimo hata kwa watu wasio wagonjwa. Linganisha na watoto wa rika moja wasio na kisukari, tena wa pwani hii hii, na upime HLA ya kila mmoja, protini za juu ya seli zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, kwa sababu seli T husoma kipande kikiwa kimeshikwa na HLA. Aina za HLA ziitwazo DR3 na DR4 ndizo zinazotajwa sana, ila sehemu kubwa ya takwimu hizo ilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Kumbuka pia kwamba seli zinazoshambulia kongosho ni adimu kwenye damu ya mkononi, kwa hiyo kila mililita uliyoiokoa kwenye hatua ya 4 ina thamani hapa.