Jinsi ya kuomba maji ya shule yapimwe risasi, Dar es Salaam

Ukiambiwa maji ya shule "yamepimwa", uliza yamepimwa nini. Kipimo cha vijidudu na chumvi hakisemi lolote kuhusu madini ya risasi, na risasi ikiwa ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Hutoka kwenye koki za shaba, lehemu na baadhi ya mabomba, ikaumiza ubongo wa mtoto polepole. Kuchemsha hakuiondoi, wala klorini.

Anzia kwa mwalimu mkuu. Ukienda maabara peke yako na chupa ya maji, majibu utakayorudi nayo ni rahisi kukataliwa, kwa hiyo ombi lipite kamati ya shule na barua iwe na muhuri. Iandikwe kwa Maabara ya Ubora wa Maji ya Wizara ya Maji, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi barabara ya Barack Obama. Nakala mpe afisa elimu kata. Taja kata, chanzo cha maji (DAWASA au kisima), idadi ya mabomba ya kunywea, na uandike wazi: "kupima madini ya risasi (Pb)". Ukiandika "kupima maji" tu, risasi inaweza isiguswe kabisa.

Kabla ya kulipa, uliza bei kwa kila sampuli, nani anachukua sampuli, na kama mashine yao inasoma chini ya miligramu 0.01 kwa lita. Malipo ni kwa kontroli namba, tunza risiti.

Hatua inayoharibika kirahisi ni kukinga maji. Yanatakiwa yawe yamelala ndani ya bomba kwa muda wa saa 8 hadi 18, hivyo chagua asubuhi ya Jumanne hadi Ijumaa. Ya Jumatatu yamelala tangu Ijumaa. Ongea na mlinzi jioni, bomba lisiguswe, maana wanafunzi wa zamu ya usafi huwahi sana. Usitiririshe kwanza. Kinga mililita 250 za mwanzo kabisa, acha maji yatoke sekunde 30, kisha kinga chupa ya pili. Andika kwenye kila chupa bomba lipi na saa ngapi. Chupa za maabara zikiwa na tindikali ndani, usizisuuze.

Majibu yakija, linganisha na miligramu 0.01 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Chupa ya kwanza ikizidi na ya pili ikiwa chini, koki yenyewe au kiungo chake ndiyo ya kushukiwa. Zote mbili zikizidi, tafuta nyuma zaidi: mabomba ya ndani, pampu, kisima.

Bomba lililozidi lifungwe siku hiyo hiyo, wala msisubiri kikao. Watoto wanywe kwenye bomba lililopimwa likawa salama. Koki mpya ikifungwa, pelekeni sampuli tena kabla ya kulifungua.